Mafuta Yakielea, Sosi Ikikatika

Swali: Shikamoo, shangazi. Nina miaka 29, kwetu Mombasa, na huu ni mwezi wa kumi na nne niko Lyon, nimemfuata mume wangu aliyeletwa huku na kazi. Mwanzoni nilikuwa napika pilau kila Jumapili huku nalia. Siku hizi nazunguka masokoni, naingia migahawani, na nimeanza kuandika kila ninachokula. Nataka kuwa mhakiki wa chakula, tena kwa Kiswahili. Lakini sikusomea upishi, Kifaransa changu kinachechemea, sili nguruwe na sinywi pombe. Mume wangu anacheka, anauliza nani atamlipa mtu kwa kula. Nianzie wapi, au niache?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiache. Lakini kabla hujaniita mtaalamu, nikusimulie makala yangu ya kwanza, kwa sababu nilichojifunza siku ile bado ndicho kinachonipa kula.

Nilifika Lyon nikitokea Muheza, umri wangu pungufu kidogo ya wako, nikapata kibarua cha kuosha vyombo katika mgahawa mmoja karibu na mto Saône. Siku ya mapumziko nikajikakamua, nikaenda mgahawa mwingine kama mteja. Ilikuwa Aprili, msimu wa asparagasi nyeupe. Nikaletewa sita, nene, zimelazwa sahanini kama vipande vya muhogo uliomenywa, na juu yake sosi ya manjano wanayoiita hollandaise. Sosi yenyewe ilikuwa na chengachenga, na pembezoni mwa sahani mafuta yamejitenga, yanang'aa. Nikafurahi kwelikweli. Kwetu mchuzi wa nyama hauepuliwi mpaka mafuta yapande juu. Ukiyaona yameelea, ujue vitunguu vimeyeyuka na nyanya imeiva. Nikarudi chumbani, nikaandikia kijarida kidogo cha Watanzania wa pale mjini kwamba mpishi huyu ana subira, mchuzi wake umeiva hadi mafuta yameelea.

Wiki iliyofuata mpishi wetu akataka nimtafsirie nilichoandika. Nilipofika kwenye mafuta, akaweka kisu chini, akacheka mpaka akajipangusa machozi kwa aproni. Kisha akasema, elle a tranché. Nilikuwa nalijua neno lile kutokana na mkate: kukata. Sosi imekatika.

Hapo nikaduwaa. Bibi yangu alikuwa akinisimamisha mbele ya sufuria ya samaki wa nazi, mwiko mkononi, akiniambia, koroga mfululizo, tui lisikatike. Na lilipokatika mara moja kwa uzembe wangu, chenga nyeupe zikaelea juu ya maji, nilisemwa siku nzima. Hitilafu ile niliijua tangu nina miaka saba, na jina lake ninalo! Nilichokosea ni ndugu. Hollandaise niliilinganisha na mchuzi wa nyama, kumbe jamaa yake ni tui. Ni viini vya mayai, siagi na ndimu, vinapigwa juu ya moto mdogo. Kiini ndicho kinachoshikilia siagi isijitenge. Moto ukizidi, kiini kinaganda, kinaiachia siagi, na mafuta yanatoroka. Mafuta yaleyale yanayoelea ni sifa katika sufuria moja na aibu katika nyingine.

Basi swali la mhakiki ni hilo kabla ya mengine yote: chakula hiki kilitaka kuwa nini? Ukishalijua jibu, ndipo unapoweza kusema kama kimefika au kimeishia njiani. Wengi wanaoandika juu ya chakula wanaruka hapo, wanakimbilia "kitamu" na "si kitamu", na msomaji anabaki alipokuwa.

Nikupe mfano wa huko uliko. Naamini umeshakutana na quenelle, donge refu laini la samaki linaloletwa limefura ndani ya sosi ya waridi. Mswahili akilionja mara ya kwanza huuliza samaki yuko wapi. Mimi niliuliza. Mpaka nilipomwona mama mmoja sokoni akichambua brochet, samaki wa mtoni mwenye miba mingi myembamba iliyogawanyika kama herufi Y, nikamkumbuka mwatiko wetu, anayemfanya mtu ale huku ameshika koo. Watu wa Lyon walikuwa na samaki mtamu asiyelika kwa amani. Wakamponda, wakampitisha kwenye chujio, wakamchanganya na unga uliopikwa kwa maziwa, mayai na siagi, wakatengeneza madonge, wakayachemsha taratibu na kuyamalizia kwenye oveni ili yafure. Sosi inayoandamana nayo, Nantua, ina siagi ya kamba wa mtoni na malai. Kwa hiyo ukikaa mbele ya quenelle usitafute minofu. Tafuta wepesi: kijiko kizame bila kusukumwa, ndani kuwe na unyevu kama kitumbua kilichoumuka vizuri, na harufu ya samaki ije mwishoni, ikiwa safi, bila vumba. Ikiwa nzito kama ugali wa jana, hapo lalamika, nami nitakuunga mkono.

Umesema hukusomea upishi kana kwamba unaungama dhambi. Waliouanzisha uhakiki huu hawakuwa wapishi. Grimod de La Reynière, aliyetoa kitabu chake cha mwaka cha walaji huko Paris kuanzia 1803 hadi 1812, alisomea sheria. Wafanyabiashara walimpelekea vyakula nyumbani, yeye na wenzake wakavionja na kutoa hukumu. Unaweza kukisia manung'uniko yaliyofuata, na tutarudi kwenye habari ya vyakula vya bure. Brillat-Savarin, ambaye kwao Belley si mbali na hapo Lyon, alikuwa hakimu. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa alikimbilia Marekani, akaishi New York akifundisha Kifaransa na kupiga fidla kwenye okestra ya ukumbi wa maonyesho. Kitabu chake juu ya ladha kilitoka Desemba 1825, miezi miwili hivi kabla hajafa. Naye alikuwa amekaa ugenini akila chakula cha watu, kama wewe. Hata nyota ambazo wapishi wanazililia leo zilibuniwa na kampuni ya matairi: Michelin walitoa kitabu cha kuwaongoza wenye magari mwaka 1900, nyota zikaanza 1926.

Na kama unadhani mgeni hawezi kukielewa chakula cha Wafaransa, mfikirie Julia Child, aliyekuja kuwa mwandishi maarufu wa vitabu vya upishi wa Kifaransa. Mmarekani huyu alishuka bandari ya Le Havre Novemba 1948 akiwa na miaka 36, amemfuata mume aliyeletwa na kazi (je, unaisikia hadithi hii?), hajui kupika cha maana, wala lugha haijui vizuri. Njiani kwenda Paris walisimama Rouen, akala samaki aliyekaangwa kwa siagi, sole meunière, na maisha yake yakageuka. Lakini angalia alichofanya baada ya hapo: alijiandikisha Le Cordon Bleu, shule ya upishi ya Paris, akasimama jikoni, akarudia vyakula vilevile hadi akavijua kwa mikono.

Hapo ndipo nitakapokubana. Cheti huhitaji, mikono unaihitaji. Escoffier, mpishi mashuhuri wa Kifaransa, katika kitabu chake cha 1903 aliweka utaratibu wa sosi mama, zile zinazozaa nyingine, na wanafunzi wa upishi mpaka leo wanafundishwa tano: béchamel ya maziwa, velouté ya mchuzi wa mifupa, espagnole ya kahawia, hollandaise na ya nyanya. Espagnole iache kwanza, ina kazi ya siku mbili. Hizo nyingine zipike nyumbani mpaka uziharibu kila moja angalau mara moja. Béchamel itakupa madonge kama uji uliomwagiwa unga kwa pupa, na velouté itakuonyesha kwamba mchuzi wa mifupa ukiwa chapwa hakuna ufundi utakaouokoa. Mtu aliyewahi kukatikiwa na sosi saa mbili usiku, wageni wamekaa sebuleni, huandika kwa adabu zaidi juu ya sosi za wenzake, na hutambua haraka zaidi aliyefanya uzembe.

Kuhusu Kifaransa kinachochechemea, jifunze kile cha sahani kwanza, kile cha makaratasi ya serikali kitafuata. Viwango vya nyama tu vinatosha kukuingiza matatani: bleu ni nyama iliyopita juu ya moto kwa salamu tu, saignant ina damu, à point bado ni ya waridi katikati, na bien cuit ndiyo inayokaribia ile tunayoiita sisi nyama iliyoiva. Ukiagiza saignant kisha ukaandika kwamba mgahawa unauza nyama mbichi, umejihakiki mwenyewe. Hata samaki, tangu wale waandishi wawili, Gault na Millau, watangaze amri zao kumi za upishi mpya mwaka 1973, ya kwanza ikiwa usipike kupita kiasi, wapishi wengi wanamtoa motoni akiwa bado na waridi karibu na mfupa. Sisi watu wa pwani samaki wa namna hiyo tungemrudisha jikoni. Una haki ya kutompenda, na msomaji wako wa Kisauni ana haki ya kujua kwamba yuko hivyo. Mwambie tu kwamba ndivyo alivyokusudiwa.

Sasa Kiswahili, sehemu ninayoipenda. Watu wananiambia lugha yetu haina maneno ya kueleza ladha za Wafaransa. Hao hawajakaa na bibi zao. Ukali wa divai nyekundu unaokausha ulimi, ambao Wafaransa wanautafutia maneno matano, sisi tunauita ukakasi, na kila mtoto aliyewahi kung'ata bibo anaujua. Wewe hunywi, lakini utaukuta kwenye ganda la lozi mbichi na kwenye chai iliyochemshwa mno. Tunatofautisha uchachu, wa kitu kilichochachuka, na ugwadu, wa embe bichi na ukwaju. Malai mazito ya Kifaransa, crème fraîche, yana uchachu, ilhali sosi ya ndimu ina ugwadu, na kuyachanganya hayo mawili ni kumpotosha msomaji. Jibini la mbuzi lililokaa muda lina harufu ya beberu, sema hivyo, watu wataelewa na watacheka. Gamba la kahawia la gratin dauphinois, vile viazi vilivyolala kwenye maziwa, malai na kitunguu saumu, ni utandu. Na kama ulivyogombania utandu wa wali na ndugu zako, utaona meza ya Wafaransa wakikwangua pembe za bakuli vilevile. Kile kiandazi chekundu cha Lyon, tarte aux pralines, kinatia midomo rangi kama mabuyu ya kwenu, na utamu wake ni wa kukereketa hivyohivyo. Nazi peke yake imetupa dafu, koroma na nazi yenyewe, ngazi tatu za ukomavu wa tunda moja. Mtu mwenye ngazi hizo kichwani hashindwi kueleza tofauti ya jibini la Comté la miezi minne, ambao ndio muda wa chini linaoruhusiwa kuuzwa, na lile la miaka miwili.

Ila usilazimishe. Si kila kitu kina ndugu Uswahilini. Nimesoma mtu akiita croissant "chapati ya Wafaransa" kwa sababu zote zina tabaka, nikafunga simu. Mfanano uwe wa kumsaidia msomaji aonje; ukiwa wa kuchekesha tu, ufute.

Haya, nguruwe na pombe. Sitakudanganya: umeangukia mji mgumu. Bouchon, mikahawa midogo ya asili ya Lyon, imejengwa juu ya nguruwe. Soseji, ngozi za kukaanga, hata saladi ya mboga ina vipande vyake. Divai imo ndani ya sosi, ndani ya nyama iliyolowekwa, na mara nyingi ndani ya cervelle de canut, ambayo jina lake linamaanisha ubongo wa mfumaji hariri lakini ni jibini laini na majani ya vitunguu. Keki zinazotikisika zina jelatini, na mara nyingi jelatini hiyo ni ya nguruwe. Quenelle niliyokusifia, wapo wapishi wanaoitia mafuta ya figo za ng'ombe, na wapo wanaomwagia konyaki kwenye sosi. Hukuniambia kama unakula nyama isiyochinjwa kihalali; kama huli, kuku wa Bresse, fahari ya eneo hilo, naye anaondoka mezani. Habari za fatwa muulize sheikh wako, mimi ni Mwanglikana wa Muheza.

Ninachojua ni cha kazini. Mhakiki mwenye mipaka anaaminika akiitangaza, na haaminiki akiificha. Sema mwanzoni mwa safu yako kwamba hiki na hiki huli, basi. Halafu chimba pale unapofika mpaka mwisho. Mikate, maandazi, jibini, samaki, mayai na mboga vinakutosha miaka kumi. (Jibini pia uliza, nyingi hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama.) Nenda La Guillotière, mtaa wa wahamiaji hapohapo Lyon, uangalie jinsi bucha za halali na majiko ya Maghreb yalivyogeuza chakula cha Kifaransa kikawa chao. Siku ukipata nafasi panda treni hadi Marseille, kwenye Wangazija wengi kiasi kwamba utasikia mitaani maneno utakayoyaelewa nusu. Waandishi wa Kifaransa wanapita maeneo hayo haraka. Wewe una sababu ya kukaa.

Na usiwapite wanawake wa Lyon. Mji huo ulipata jina lake la chakula kwa wale walioitwa kina mama, mères, wengi wao waliokuwa wapishi wa nyumbani kwa matajiri kabla ya kufungua milango yao wenyewe. Eugénie Brazier alikuwa msichana wa shambani aliyepata mimba nje ya ndoa, akaja mjini kutumika. Alifungua mgahawa rue Royale mwaka 1921, na 1933 akawa na nyota tatu katika migahawa miwili kwa mpigo, huo wa mjini na mwingine mlimani Col de la Luère. Paul Bocuse mwenyewe, mpishi maarufu kuliko wote wa Lyon, alipita jikoni kwake akiwa kijana. Kuku maarufu wa Brazier anaitwa wa nusu msiba, kwa sababu vipande vyeusi vya uyoga wa truffe vinapenyezwa chini ya ngozi nyeupe, kama mjane aliyeanza kuchanganya nguo baada ya kuvaa nyeusi tupu. Jina hilo nilipolielewa nilitamani bibi yangu angekuwepo nimweleze.

Utendaji sasa. Fanya zoezi moja kabla ya kuandika juu ya mgahawa wowote. Wiki nzima, kila siku saa ileile ya asubuhi, nunua baguette de tradition kwenye duka tofauti la mkate. Chagua hiyo, si ya kawaida, kwa sababu amri ya serikali ya 1993 inaibana: haina viongezi, na donge lake haliruhusiwi kupitia friza. Kwa hiyo unacholinganisha ni unga, muda wa kuumuka, moto na mkono wa mtu. Ibane karibu na sikio usikilize gamba. Ikate kwa urefu: ndani kuwe na matundu yasiyolingana, rangi ya malai, isiwe nyeupe kama pamba. Nusa kabla hujala. Kisha iache hadi jioni uonje tena, maana mkate mzuri unazeeka kwa heshima na mbaya unakuwa mpira. Andika maneno mia moja kwa kila mmoja bila kutumia neno "tamu". Siku ya nne utakasirika. Siku ya sita utaanza kuona.

Ukihamia migahawa, anza na mlo wa mchana. Jiko lilelile linalotoza pesa nyingi usiku mara nyingi lina menyu fupi ya mchana kwa bei ndogo zaidi, na ukichelewa kupita saa saba na nusu unaweza kukuta wameshafunga jiko. Menyu lazima ibandikwe nje, isome kabla hujaingia. Maji ya bomba ni bure, omba carafe d'eau wala usione haya, na malipo ya huduma yamo ndani ya bei. Pembeni ya majina ya vyakula tafuta alama ya sufuria yenye paa la nyumba. Tangu 2014 ina maana kimepikwa palepale kutoka kwenye vitu vibichi, ingawa mboga zilizogandishwa zinaruhusiwa, kwa hiyo usiisujudie. Agiza kile ambacho nyumba inajivunia, na kingine wanachokichukulia kirahisi, kama yai lililochemshwa na mayonezi. Uzembe unajificha kwenye vile vya kirahisi.

Rudi. Chakula cha siku moja ni bahati ya siku moja. Mpishi anaweza kuwa amefiwa. Mimi siandiki kabla ya mara ya pili, na nikitaka kuponda naenda ya tatu. Vipimo vya nyota za Michelin ni vitano, vyote vya sahani: ubora wa malighafi, ufundi, maelewano ya ladha, sauti ya mpishi mwenyewe, na uthabiti, yaani leo na mwezi ujao viwe vilevile. Mapambo na vitambaa vya meza havimo. Hicho cha tano ndicho kinachogharimu mhakiki pesa, kwa kuwa huwezi kukipima kwa kwenda mara moja.

Watu watakuambia ujifiche. Wakaguzi wa Michelin hawajitambulishi na wanalipa bili zao, na wewe lipa, ila kujificha kwako kutakuwa na kasoro: ukiingia na hijabu kwenye bouchon yenye meza kumi, watakukumbuka. Weka nafasi kwa jina la mumeo. Usitoe daftari mezani. Andika kwenye simu kama mtu anayemtumia mamake ujumbe. Na ukipewa chochote cha bure, hata kahawa, kitaje au usiandike. Hapo si suala la maadili tu. Sheria ya Ufaransa ya Juni 2023 inamtaka anayelipwa kwa pesa au kwa vitu ili atangaze kitu mtandaoni aweke wazi kwamba ni tangazo.

Sheria nyingine ya kukumbuka: mwaka 2014 mahakama ya Bordeaux ilimwamuru mwanablogu mmoja amlipe mwenye mgahawa euro 1,500 za fidia na 1,000 za gharama za kesi. Kilichomponza ni kichwa cha makala, kilichowaambia watu pale ni mahali pa kuepuka, na kilichokuwa kinajitokeza miongoni mwa matokeo ya mwanzo ya utafutaji wa intaneti. Hivyo eleza ulichokiona, ulichokila, siku gani, bei gani. "Sosi ilikuwa imekatika mara zote mbili" ni jambo ulilolishuhudia. "Mpishi huyu hajui kazi" ni kesi inayokungoja. Weka risiti.

Pesa. Mumeo hajakosea sana. Wanaoishi kwa uhakiki pekee, hata kwa Kifaransa au Kiingereza, ni wachache mno, na kwa Kiswahili sijamjua mmoja, nikiwemo mimi. Ninachokula kinatokana na vitu vilivyozunguka uandishi: kutafsiri menyu, kutembeza wageni soko la Quai Saint-Antoine na lile la Croix-Rousse, kufundisha upishi wikendi, na makala zinazolipwa mara kwa mara, si kila mara. Miaka minne ya kwanza nilitoa zaidi ya nilichoingiza, na nilikuwa bado naosha vyombo. Angalia pia kibali chako cha kukaa kinaruhusu kazi gani kabla hujapokea euro ya kwanza, kwa sababu vibali vingine vinaruhusu kuajiriwa lakini haviruhusu kujiajiri.

Kwa hiyo tenga kiasi cha mwezi, hata kama ni milo miwili tu ya mchana na mikate, na kisizidi hapo. Na huyo bwana anayecheka, mchukue. Mhakiki aliye peke yake anaonja sahani mbili, mkiwa wawili mnaonja nne. Mwambie sharti ni moja: asiagize ulichoagiza wewe, na akishakula vijiko vitatu, mnabadilishana.